Vitambaa vya maua kwenye msimu wa joto: uchambuzi wa sebule moja inayotazama magharibi

Sebule yenyewe ina dirisha moja pana linalotazama magharibi. Fimbo ya pazia ina urefu wa mita 2.4, na kutoka kwenye fimbo hadi sakafuni ni mita 2.6. Kuanzia saa nane mchana jua huingia bila kizuizi, likavuka zulia, likapanda kochi la watu watatu na kuishia ukutani upande wa pili. Mbali na kochi hilo kuna viti viwili vya mtu mmoja mmoja, meza ndogo na kabati la vitabu. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima anayeishi na binti yake na wajukuu wadogo, na nyumba nzima inategemea chumba hiki kwa mapumziko.

Lalamiko lao lilikuwa fupi: msimu wa joto ukiingia, hakuna anayekaa sebuleni alasiri. Kochi na viti vimevikwa mahameli ya rangi ya damu ya mzee yenye maua ya dhahabu. Mapazia yalikuwa ya poliesta nzito, rangi ile ile, yenye mawaridi ya karibu sentimita 25 kila moja. Vitu vyote vilinunuliwa kwa pamoja kama seti, na kwa miezi ya baridi nakubali kwamba vilipendeza.

Binti alikuwa amekwisha kutoa hukumu kabla sijaitwa kuwashauri juu ya vitambaa. Kwa maoni yake maua ndiyo yanayochosha chumba, basi yaondoke yote, mapazia na makochi viwe vyeupe. Mama alinigeukia mimi badala ya kumjibu yeye: "Chumba kisicho na maua mimi sikijui."

Nimeamua kukieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu wote wawili walikuwa wakilitazama ua, na tatizo halikuwa kwenye ua. Imani yangu ni kwamba kitambaa cha maua cha msimu wa joto huchaguliwa kwa kuanzia kwenye uzi, kisha uwanja ulioko kati ya maua, na ua lenyewe hufuata mwisho. Wengi wetu tunakwenda kinyume: tunapenda ua kwanza, halafu tunavumilia kila kilichokuja nalo.

Joto lilikuwa linatoka wapi

Nilianzia dirishani. Jua likishavuka kioo, nguvu yake humezwa na kila linachokigusa, na kinachomeza zaidi ni kile chenye rangi nzito. Mapazia yale hayakuwa na bitana, kwa hiyo upande uliokuwa ukitazama kioo ulikuwa mwekundu mzito sawa na upande wa chumbani. Yakifungwa alasiri, yalipata moto yenyewe na kuurudisha chumbani. Tena yalifanya chumba kuwa giza mchana kweupe, ndiyo maana familia iliyaacha wazi. Kwa maneno mengine, nyumba ilikuwa na mapazia makubwa ambayo hayakuwa yakizuia jua hata kidogo katika saa zilizohitaji kuzuiwa.

Wizara ya Nishati ya Marekani inaeleza kuwa mapazia ya rangi ya wastani yenye mgongo mweupe wa plastiki yanaweza kupunguza joto linaloingia kwa asilimia 33. Zingatia kinachofanya kazi hapo: ni mgongo. Jua halioni maua yetu. Linaona upande wa nyuma wa pazia, upande ambao mnunuzi dukani haugeuzi hata mara moja.

Kisha nikaenda kwenye uzi. Kwa idhini ya mama nilichomoa nyuzi chache kutoka kwenye upindo wa ndani wa pazia na kuzichoma juu ya sinki. Ziliyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi, alama ya poliesta. Pamba ingeungua kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Nyuzi za mahameli ya kochi zilifanya vivyo hivyo. Tofauti hii ina uzito mkubwa mwilini. Katika hewa yenye nyuzijoto 20 na unyevu wa asilimia 65, pamba hushika maji yanayofikia takriban asilimia 8.5 ya uzito wake mkavu, kitani takriban asilimia 12, na poliesta takriban asilimia 0.4 tu. Mtu aliyekaa juu ya poliesta kwenye joto anabaki na jasho lake mgongoni kwa sababu kitambaa hakina pa kuliweka. Mahameli inaongeza lake: vinyweleo vyake husimama na kufungia hewa kati yake na ngozi. Wakati wa baridi sifa hiyo ni neema.

Rangi niliiweka ya tatu. Ua jekundu halipandishi kipimajoto, lakini jicho nalo linachoka. Nilimwomba binti apige picha ya chumba kwa simu, kisha aiondolee rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Picha ilionyesha jambo ambalo rangi ilikuwa imelificha: mapazia, kochi, viti na zulia vyote vilikuwa na uzito mmoja wa kijivu karibu na weusi, na nakshi ile ile ikijirudia kutoka dirishani hadi ukuta wa pili. Hapakuwa na mahali pa jicho kutua isipokuwa dari.

Binti alipoiona picha alisema kwamba inathibitisha maoni yake, kwamba maua ni urembo wa nyumba nzito za zamani. Hapo nilimpinga, na ningempinga tena leo. Vitambaa vya maua vilivyoteka nyumba za Ulaya katika karne ya 17 vilikuwa pamba nyepesi kutoka India, zilizopakwa na kuchapwa na mafundi waliojua kutumia dawa za kushikisha rangi kiasi kwamba maua yalistahimili kufuliwa. Watu walivipenda kwa sababu vilikuwa vyepesi, vyenye kung'aa na vya kufulika, sifa ambazo sufu na hariri hazikuwa nazo kwa pamoja. Wafumaji wa Ulaya walilalamika mpaka serikali zikaingilia: Ufaransa ilivipiga marufuku kuanzia 1686 hadi 1759, na Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1721 iliyokataza pamba zilizochapwa kuvaliwa na hata kutumika kwenye samani za nyumbani, sheria iliyoondolewa 1774.

Kuna habari ya zamani zaidi inayogusa sebule hii moja kwa moja. Mwaka 1643 wakuu wa Kampuni ya Uhindi ya Mashariki wa Uingereza waliwaandikia mawakala wao walioko Surat, bandari ya India, wakiomba mafarishi, yaani matandiko ya kitanda, yenye uwanja mweupe zaidi, matawi na maua yakiwa ya rangi, kwa kuwa mengi yaliyokuwa yakifika yalikuwa na uwanja mwekundu wenye huzuni usiowapendeza wanunuzi wote. Karibu miaka 400 baadaye nilikuwa nimeketi mbele ya uwanja mwekundu wa aina hiyo hiyo. Mama alikuwa na haki ya kutaka maua, na binti alikuwa na haki ya kutaka weupe. Kitambaa cha maua cha joto tangu mwanzo kilikuwa na vyote viwili.

Jambo la makochi tulilimaliza haraka. Mahameli haikung'olewa, kwani ilikuwa nzima na miezi ya baridi itarudi. Katika nyumba nyingi za wenye uwezo Ulaya na Marekani, karne za 18 na 19, kiangazi kilipokaribia mapazia mazito na mazulia ya sufu yaliwekwa kando, na viti vikavikwa kava za pamba au kitani. Ni utaratibu wenye busara nao hauhitaji kununua kiti kipya. Tukakubaliana: kava za kuvuliwa kwa samani, mapazia mapya kwa dirisha.

Sampuli tatu mbele ya dirisha

Nilitoa sharti moja. Hakuna kuamua kwa kipande cha ukubwa wa kiganja. Kila sampuli iwe na urefu wa mita moja kwa upana wote wa jora, itundikwe kando ya dirisha, na itazamwe asubuhi, alasiri na usiku taa zikiwashwa. Kitambaa cha maua hubadilika mchana kutwa kuliko kitambaa kitupu, kwa sababu kila rangi iliyomo inaitikia nuru kwa namna yake, na uhusiano kati ya rangi hizo ndio uliokuvutia dukani.

Mama alileta pamba ya satini yenye mawaridi makubwa mekundu juu ya uwanja wa krimu. Binti, akiwa amelegeza msimamo kidogo, alileta popilini ya pamba iliyojaa vijiua vya rangi nyingi, kila kimoja kama sentimita mbili. Mimi nilileta mchanganyiko wa kitani na pamba wenye matawi yanayopanda: majani ya kijani kilichopoa, maua ya samawati ya kama sentimita 9, na hapa na pale ua la waridi hafifu. Uwanja wake ulikuwa mweupe wa maziwa nao ulichukua zaidi ya nusu ya kitambaa.

Vijiua vya binti vilishindwa kwanza, na namna vilivyoshindwa inafaa kueleweka kwa sababu kosa hili ni la kawaida sana. Mkononi vilikuwa vizuri mno. Kwa umbali wa mita tatu, ambao ndio umbali wa mtu aliyeketi kwenye kochi, macho hayakuweza tena kukitenga kijiua kimoja na kingine. Nyekundu, kijani, manjano na zambarau zilichanganyika zikatoa rangi moja ya kijivu chenye wekundu, kama kwamba pazia limekaa na vumbi.

"Mama, linaonekana chafu," binti alisema mwenyewe.

"Si chafu, mwanangu. Maua ni madogo mno, na hayana nafasi ya kupumua."

Ningeyaandika maneno ya mama juu ya mlango wa kila duka la vitambaa. Nakshi ndogo inafaa mahali inapotazamwa kwa karibu: foronya ya kitandani, mto wa kiti cha kusomea, kifuniko cha meza. Popilini ile ilikuwa na ila nyingine pia. Nilipoisugua kwa kitambaa cheupe kilicholoweshwa, ilikiachia doa la waridi. Kuna uchapaji ambao rangi hukaa juu ya uzi ikiwa imegandishwa kwa gundi, na kuna ule ambao rangi huungana na uzi wenyewe. Wa kwanza ukifanywa ovyo huachia rangi ukisuguliwa, na kitambaa huwa kigumu kidogo pale penye ua kuliko penye uwanja. Pitisha kidole tu, utahisi.

Mawaridi ya mama asubuhi yalikuwa mazuri kweli, sitayanyima haki yake. Alasiri mambo yakageuka. Jua la magharibi lina umanjano na wekundu mwingi, likayafanya mawaridi yawake na krimu ikawa manjano. Lakini sababu kubwa zaidi ilikuwa mikunjo. Pazia halitazamwi likiwa limenyooka. Pazia linaloning'inia vizuri hutumia kitambaa chenye upana mara mbili ya fimbo, wakati mwingine mara mbili na nusu, na sehemu kubwa ya kitambaa hicho huzama ndani ya marinda. Waridi la sentimita 25 likikunjwa hivyo halibaki kuwa waridi. Linabaki bapa jekundu lenye ncha ya jani. Nilikusanya sampuli kwa mkono mbele ya mama, marinda kwa marinda, naye akaona mwenyewe jinsi maua yake yanavyotoweka.

Matawi yalistahimili mikunjo. Tawi linalopanda halikatwi na rinda, linaingia ndani ya mkunjo na kutokea tena juu, na ua la sentimita 9 hupata nafasi ya kuonekana zima kati ya mkunjo na mkunjo. Alasiri samawati ilipungua nguvu kidogo, kijani kikashikilia, na uwanja mweupe ukapokea umanjano wa jua bila kuharibika. Usiku chini ya taa zao zenye mwanga wa manjano samawati ilififia zaidi, na ni waridi hafifu na kijani vilivyobeba chumba. Hiyo ndiyo faida ya kuwa na rangi moja ya joto ndani ya kitambaa cha rangi za kupoza, hata ikiwa kidogo. Kitambaa cha samawati na nyeupe peke yake kingekuwa baridi na kimya kila usiku.

Tulikitazama pia dhidi ya mwanga, pazia likiwa kati yetu na jua. Bila bitana, nuru ilipenya na maua yakawa mabaka, mshono wa pindo ukaonekana kama mstari mweusi. Tulipoweka kitambaa cheupe nyuma yake maua yalirudi kwenye umbo lake, na bado chumba kilibaki na nuru ya kutosha kusoma. Hapo ndipo kisa chote kilipofungukia. Pazia lenye uwanja mweupe na bitana nyeupe linaweza kufungwa saa nane mchana bila kuigeuza sebule kuwa pango. Na pazia linaloweza kufungwa ndilo linalofungwa.

Mama alitazama matawi kwa muda mrefu kabla ya kusema: "Haya ni mazuri, lakini yangu yana uhai." Alikuwa sahihi. Nakshi ya matawi imetandaa sawasawa, haina kitovu, na chumba kizima cha namna hiyo kingekuwa kizuri na kisichokumbukwa. Waridi kubwa lina uhai kwa sababu linalikamata jicho. Linahitaji sehemu bapa isiyojikunja, na linahitaji kuwa moja au mawili, si sitini.

Kwa hiyo mawaridi yalipewa kiti kimoja, kile kilichoko pembeni mwa kabati la vitabu ambako jua la alasiri halifiki. Waridi zima liliwekwa katikati ya mgongo na jingine katikati ya kikalio, vichwa vikitazama juu. Fundi alikipima kiti kwanza, akachora mstari wa kati kwa chaki, kisha ndipo akakata. Kukata kitambaa cha maua makubwa kwa kufuata ukingo wa jora badala ya kufuata ua ndiko kunakotuletea viti vyenye nusu ua begani na shina lisilo na kichwa kwenye kikalio.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kuiondoa satini dirishani. Ustahimilivu wa rangi dhidi ya mwanga hupimwa kwa kipimo cha sufu ya bluu, kuanzia 1 hadi 8, namba kubwa ikimaanisha rangi hudumu zaidi. Lebo ya satini ilisema 4, ya matawi ilisema 6. Kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya miale mikali zaidi ya urujuanimno, ila huipitisha ile yenye mawimbi marefu, na hiyo pamoja na mwanga wa kawaida inatosha kuchujua kitambaa. Kwa dirisha la magharibi mimi siruhusu chini ya 5.

Kochi la watu watatu na kiti cha pili vilivikwa kitambaa kisicho na maua kabisa: kitani na pamba ya ufumaji mzito, rangi ya kijani kilichochukuliwa kutoka kwenye majani ya pazia. Binti alifurahi, na hakika hapa ndipo alipostahili kushinda. Wajukuu hupanda na kuteleza juu ya kochi hilo siku nzima. Uimara dhidi ya msuguano hupimwa kwa kipimo cha Martindale, na kwa kochi la matumizi ya kila siku nyumbani kitambaa kinachostahimili mizunguko 20,000 ya kusuguliwa na kuendelea ndicho ninachokiamini. Matawi yalikuwa na 12,000, kiasi kinachotosha pazia na mito, hakitoshi watoto. Kijani hakikuwa kitupu: mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana, vilitofautiana kidogo rangi, na mchanganyiko huo huficha alama za vidole vizuri zaidi kuliko rangi moja iliyolala.

Hesabu

Sehemu hii huonekana kavu, lakini kitambaa cha maua kina hesabu yake ambayo kitambaa kitupu hakina, na anayeikosa hurudi dukani akakuta jora limekwisha.

Fimbo ni mita 2.4. Kwa upana mara mbili unahitaji mita 4.8. Jora lina upana wa mita 1.4, kwa hiyo 4.8 ukigawanya kwa 1.4 unapata 3.4, yaani vipande vinne. Urefu wa kila kipande ni mita 2.6 na sentimita 25 za pindo la juu na la chini: mita 2.85. Kama kitambaa kingekuwa kitupu, vipande vinne vingehitaji mita 11.4.

Nakshi ya matawi hujirudia kila sentimita 64. Ili matawi yakutane kwenye mishono, kila kipande lazima kianzie mahali pale pale kwenye nakshi. Mita 2.85 ina marudio 4.45, na huwezi kukata hapo, lazima uende hadi 5. Marudio matano ni mita 3.20, mara vipande vinne ni mita 12.8. Nakshi imeongeza mita 1.4.

Sasa kuna kufua. Pamba na kitani ambazo hazijatibiwa hurudi zikifuliwa, na asilimia 3 hadi 5 ni jambo la kawaida. Pazia la mita 2.6 likirudi kwa asilimia 5 hupungua sentimita 13, na pazia linaloning'inia sentimita 13 juu ya sakafu huonekana kama suruali iliyoachwa na mtoto anayekua. Nilisisitiza kitambaa kifuliwe kabla ya kukatwa, kwa maji ya joto lile lile litakalotumika siku zote. Nakshi nayo hurudi pamoja na kitambaa: sentimita 64 zikawa 60.8. Marudio matano yakawa mita 3.04, bado zaidi ya mita 2.85. Ziada iliyodaiwa na nakshi ndiyo iliyolipia kufua, na zile mita 12.8 zilitosha bila kuongeza. Bahati hii si ya kila kitambaa. Vijiua vya binti, ambavyo hujirudia kila sentimita 16, vingehitaji mita 11.52 kabla ya kufuliwa, na baada ya kufuliwa kila kipande kingekuwa kifupi kuliko mita 2.85 zinazotakiwa.

Masalio ya sentimita 19 kwa kila kipande yalitosha mikanda ya kufungia mapazia. Kwa mito miwili ya kochi tuliongeza mita moja.

Kushona, kutundika na yaliyobaki

Bitana ilikuwa pamba nyeupe iliyofumwa kwa kubana, nayo ilifuliwa kabla ya kukatwa, la sivyo ingerudi peke yake baadaye na kuuvuta upindo wa pazia. Fimbo ilisogezwa karibu na ukuta na ncha zake zikapindwa kuelekea ukutani, ili hewa moto iliyoko kati ya kioo na pazia isipate njia pana ya kumwagikia chumbani. Upindo wa chini uliachwa sentimita moja juu ya sakafu.

Kilichobadilika ni matumizi. Alasiri mtu yeyote wa nyumba hufunga mapazia bila kuambiwa, chumba kinabaki na nuru nyeupe iliyotulia, na wajukuu wanacheza humo. Zulia la sufu lilikunjwa na sakafu ikaachwa wazi. Mama ameketi kwenye kiti cha mawaridi mara nyingi kiasi kwamba wengine hawakisogelei.

Si kila kitu kilikaa sawa. Kitani hujikunja, na binti hupiga pasi zaidi ya anavyopenda. Nimemwambia aitandaze kava ikiwa bado na unyevu kidogo, ikaukie juu ya kochi, hapo mikunjo mingi hujinyoosha yenyewe. Kava pia ilikuwa ikitambaa juu ya mahameli kila watoto walipoteremka. Fundi alikata sponji ngumu kwa umbo la fimbo na kuzichomeka kwenye mfereji kati ya kikalio na mgongo, zikaishika.

Msimu ukigeuka, kava na mapazia yatahifadhiwa yakiwa safi na bila wanga, kwa kuwa wanga huvutia wadudu wanaokula vitambaa. Yatavingirishwa badala ya kukunjwa, kwani alama ya mkunjo ulioshikilia miezi mingi juu ya kitambaa kilichochapwa hupauka kabla ya sehemu nyingine.

Jambo linalonihangaisha bado ni jua lenyewe. Hata kwa kipimo cha 6 na bitana nyuma, pazia la upande mmoja wa dirisha lile hupata jua kwa muda mrefu kuliko jenzake, na baada ya misimu kadhaa tofauti itaonekana. Nimeshauri kwamba kila mapazia yakifuliwa la kushoto liende kulia na la kulia liende kushoto, ili yapauke kwa pamoja na polepole. Hilo linawezekana kwa sababu fundi aliyaanzia mapande yote manne kwenye ua lile lile, hivyo kwa upande wowote matawi yanakutana katika kimo kimoja.